Bunduki fupi ya .22 inayojipakia, kwa ajili ya shabaha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu bunduki ndogo ya begani inayotumia risasi ya .22 LR (Long Rifle, risasi nyembamba ya milimita 5.6 hivi), inayojipakia yenyewe baada ya kila mlio, yaani nusu otomatiki, na yenye mtutu mfupi. Kazi yake hapa ni moja: kupiga karatasi na vibao vya chuma kwenye uwanja wa shabaha. Uwindaji na ulinzi havimo.

Bunduki ya aina hii ni ipi hasa?

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Ruger 10/22, iliyoingia sokoni mwaka 1964 na bado inatengenezwa. Ya kawaida ina mtutu wa sentimita 47. Toleo lake fupi lina mtutu wa sentimita 41 hivi na uzito wa karibu kilo 2. Smith & Wesson M&P15-22, ya mwaka 2009, imevaa umbo la bunduki ya kijeshi lakini ndani yake ni .22 tu. Ukipenda za kale, kuna SA-22 iliyobuniwa na John Browning, ambayo kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilianza kuitengeneza mwaka 1914. Hata leo ukiishika utashangaa ilivyo nyembamba na nyepesi.

Kwa hiyo si kitu kipya. Kinachobadilika ni plastiki, vilengeo na mapambo.

"Nusu otomatiki" maana yake inafyatua mfululizo?

Hapana. Kila ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, basi. Bunduki inachokifanya yenyewe ni kutupa ganda tupu, kukaza nyundo na kusukuma risasi nyingine ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi. Ili itoke ya pili ni lazima uachie kifyatulio kisha ukivute tena.

Inafanyaje kazi hiyo bila mtu kuvuta chochote?

Kwa njia rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nyuma ya risasi kuna bolti, kipande kizito cha chuma kinachosukumwa mbele na springi. Hakuna kufuli. Uzito wa bolti na nguvu ya springi ndivyo vinavyoiweka chemba imefungwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hadi risasi itoke mdomoni mwa mtutu na mgandamizo wa gesi ushuke. Kisha ganda lenyewe linaisukuma bolti nyuma, ndoano inalivuta nje, na springi inairudisha bolti mbele ikiwa imekokota risasi mpya kutoka kwenye magazini, kile kikasha kinachobeba risasi.

Mfumo huu unawezekana kwa sababu .22 LR ina nguvu ndogo. Kwa risasi kubwa ya kijeshi bolti ingehitaji kuwa nzito kupita kiasi, ndiyo maana huko kuna mifumo ya kufunga. Na hapa ndipo inapoanzia tabia mbili za bunduki hizi: huchagua risasi, na huchafuka haraka kwa kuwa masizi yanarudi ndani ya mwili wa bunduki. Tutayarudia yote mawili.

Mtutu mfupi haupunguzi nguvu ya risasi?

Hili ndilo swali ambalo watu huwa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe kwa kawaida si sahihi. Baruti iliyomo kwenye .22 LR ni kidogo sana. Inaungua yote mapema, na kufikia sentimita 40 hadi 48 za mtutu risasi inakuwa imeshapata takriban kasi yote itakayoipata. Ukiongeza urefu zaidi ya hapo, msuguano huanza kuirudisha nyuma. Kwa maneno mengine, mtutu wa sentimita 41 hauna cha kuuonea wivu mtutu wa sentimita 61 katika suala la kasi.

Wengine hudhani pia mtutu mrefu "unanyoosha" risasi vizuri zaidi. Hapana. Usahihi unatokana na ubora wa mifuo iliyochongwa ndani, chemba iliyokatwa vizuri, na mdomo wa mtutu usio na kovu. Mtutu mfupi na mnene ni mgumu kutikisika kuliko mrefu na mwembamba, na hiyo ni faida.

Basi ufupi hauna hasara yoyote?

Unazo, ila ziko kwa mpigaji, si kwa risasi.

Kwanza, ukitumia vilengeo vya chuma, umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma unapungua. Kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye shabaha. Ukiweka darubini au kilengeo cha nukta nyekundu, hasara hii inafutika.

Pili, na hii haitibiki kwa kununua kitu: bunduki fupi nyepesi haitulii mkononi ukiwa umesimama. Uzito ulioko mbele husaidia mtutu ubaki mahali pamoja. Ukiukata, mtutu unafuata kila pigo la moyo. Kwa kupiga vibao vingi kwa haraka wepesi huo ni raha tupu. Kwa kupiga karatasi ukiwa umesimama, utahangaika. Ukiwa umelala kifudifudi au umeegemeza kwenye mfuko wa mchanga, tofauti ni ndogo.

Tatu, mlio unakuwa karibu kidogo na sikio lako.

Mtu akiniuliza anunue fupi au ndefu, mimi humuuliza atapiga katika mkao gani. Swali hilo humaliza mjadala kuliko majedwali ya kasi.

Nitumie risasi gani?

.22 LR ilianzishwa mwaka 1887 na kampuni ya J. Stevens ya Marekani, na leo kuna aina nyingi mno madukani. Zote zinafanana kwa jambo moja: fataki, kemikali inayowasha baruti, haiko katikati ya kitako cha ganda, imepakwa ndani ya ukingo wake. Pini inaugonga ukingo, unapondeka, fataki inalipuka. Ganda likishapondwa hivyo haliwezi kujazwa tena kwa njia ya kawaida.

Ya kutazama kwenye boksi ni kasi. Zile za kasi ya kawaida hutoka kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi. Zile za kasi kubwa hutoka kwa mita 370 hadi 390. Kichwa cha risasi kwa kawaida kina uzito wa gramu 2.6, yaani greni 40 kama inavyoandikwa kwenye boksi.

Bunduki nyingi zinazojipakia zimepangwa kwa risasi za kasi kubwa. Springi na bolti vinategemea msukumo huo. Risasi za kasi ya kawaida mara nyingi nazo zinafanya kazi, na mara nyingi ni sahihi zaidi, ila si kila bunduki itazikubali, hasa ikiwa mpya au chafu. Zile za polepole kabisa zinazouzwa kwa ajili ya utulivu wa sauti huenda zisiisukume bolti hadi mwisho. Na .22 Short, hata kama inaingia kwenye chemba, si chakula cha bunduki hii, haitazunguka.

Kuna aina moja ya kuangalia kwa uangalifu: CCI Stinger. Ganda lake ni refu kuliko la .22 LR ya kawaida. Kwenye chemba ya kiwandani iliyolegea haina shida, lakini watengenezaji wa mitutu ya mashindano yenye chemba ya kubana hukataza kuitumia. Soma kijitabu cha mtutu wako.

Nunua boksi moja moja la aina tano au sita, piga makundi ya risasi kumi kumi ukiwa umeegemeza, na uandike. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja inaweza kupenda risasi tofauti. Hakuna mtu mtandaoni anayeweza kukuambia mtutu wako unapenda nini. Ukishaipata inayokubalika, nunua nyingi za toleo hilohilo. Fedha ambayo wengi huitumia kubadilisha mti wa bunduki, skrubu na vidude vya rangi ingekuwa na faida zaidi hapa.

Mbona yangu inakwama?

Anza na mambo matatu kwa mpangilio huu: risasi, magazini, uchafu. Ni nadra sana tatizo kuwa bunduki yenyewe.

Ganda likibaki limesimama wima kwenye tundu la kutolea maganda, bolti imekosa nguvu ya kurudi nyuma kikamilifu. Jaribu risasi ya kasi kubwa, kisha safisha na upake mafuta kidogo kwenye njia ya bolti. Mafuta kidogo, si kuogesha. Mafuta mengi yanashika masizi na kugeuka kuwa tope.

Risasi mpya ikigonga ukingo wa chemba na kupinda, shuku magazini. Ukingo wa .22 unatokeza nje ya ganda, kwa hiyo risasi zikipangwa juu ya nyingine ukingo mmoja unaweza kukaa nyuma ya mwenzake na kuzuia. Ruger walilikwepa tatizo hilo kwa magazini ya mviringo ya risasi 10, ambayo kila risasi ina kitanda chake. Ni moja ya sababu za 10/22 kudumu sokoni kwa zaidi ya nusu karne. Magazini ndefu za bei nafuu zinazobeba risasi 25 au zaidi ndizo zinazoleta malalamiko mengi. Zitie namba kwa kalamu ya wino mzito. Ikikwama, tazama namba. Baada ya muda utakuta ni namba ileile.

Ganda likibaki ndani ya chemba na ndoano imelikosa, safisha chemba na chini ya ndoano. Nta na masizi hujikusanya hapo hadi ndoano ishindwe kuuma ukingo.

Ukiwa unaondoa mkwamo, toa magazini kwanza, elekeza mtutu salama, na usiweke uso mbele ya tundu la kutolea maganda. Fataki iko kwenye ukingo, na ukingo ukibanwa vibaya na bolti unaweza kulipuka chemba ikiwa wazi. Usichokonoe kwa kisu.

Nimevuta kifyatulio, imelia "tik" tu. Nifanye nini?

Usifanye kitu. Kaa na mtutu umeelekea kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30, kwa kuwa fataki huweza kuchelewa. Halafu toa magazini, fungua bolti, toa risasi. Kwa .22 hali hii hutokea mara kwa mara kuliko kwa risasi nyingine, kwa sababu fataki isipoenea vizuri kwenye ukingo kutakuwa na sehemu tupu, na pini ikiangukia hapo hakuna mlipuko.

Hatari zaidi ni mlio dhaifu, kama pumzi, na pengine bolti haikuzunguka. Simama hapohapo. Risasi inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na nyingine ikiifuata mtutu utavimba au kupasuka. Hakikisha chemba ni tupu, kisha angalia kama mtutu uko wazi kabla ya kupiga tena. Kama huwezi kuona mwanga, ipeleke kwa fundi.

Kumbuka pia kwamba "tik" inaweza kumaanisha magazini imeisha. 10/22 haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho, tofauti na M&P15-22. Ukizoea moja kisha ukapewa nyingine, utachanganyikiwa.

Ni ndogo hivi. Kweli ina hatari?

Boksi nyingi za .22 LR zina onyo kwamba risasi ni hatari hadi zaidi ya kilomita 1.5. Onyo hilo ni la kweli. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni jouli 140 hadi 190 hivi, ndogo ukilinganisha na takriban jouli 1,700 za risasi ya kijeshi ya 5.56, lakini inatosha kuua mtu. Na kichwa chake cha metali laini kinachokwenda polepole kina tabia mbaya ya kuruka upande kikigonga maji, jiwe au ardhi ngumu. Kwa hiyo nyuma ya shabaha kuwe na tuta la udongo usio na mawe. Kichaka hakizuii risasi.

Kinachowaponza watu kwa .22 ni kuizoea. Haipigi teke, mlio wake si wa kutisha, watoto wanaitumia, basi mtu anaanza kugeuka nayo akiwa anaongea.

Kanuni za usalama ni zipi?

Zilizoenea zaidi ni nne, na aliyezifanya zijulikane hivyo ni mwalimu wa Kimarekani Jeff Cooper. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka vilengeo viwe kwenye shabaha. Ijue shabaha yako, na kilicho nyuma yake.

Kwa bunduki inayojipakia ongeza hili: mpangilio wa kuipakua haubadiliki. Kwanza magazini, halafu bolti, halafu jicho na kidole ndani ya chemba. Ukivuta bolti magazini ikiwa bado imo, unatoa risasi moja na kupakia nyingine, huku ukiamini bunduki ni tupu. Viwanja vingi huuza au hutoa kibendera cha plastiki cha kuingiza kwenye chemba ili kila mtu aone kwa mbali kuwa iko wazi. Kitumie hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha.

Nahitaji kuziba masikio kwa .22?

Ndiyo. Bunduki ya begani ya .22 hutoa mlio wa takriban desibeli 130 hadi 140, na 140 ndicho kiwango ambacho wataalamu wa usikivu wanakihesabu kuwa mlio mmoja unaweza kudhuru. Mtu hapigi mlio mmoja, anapiga mia. Ndani ya jengo zibo na vifuniko vya masikio vyote viwili ni busara.

Miwani ya usalama ni lazima, na sababu si bunduki yako peke yake. Jirani wa kushoto kwako anakurushia maganda ya moto.

Na sumu ya metali ya risasi?

Kichwa cha .22 kwa kawaida ni metali hiyo tupu au imefunikwa ngozi nyembamba ya shaba, na fataki nyingi zina misombo yake. Nawa mikono na uso kwa sabuni ukimaliza, usile wala kuvuta sigara katikati ya zoezi, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Ndani ya jengo angalia kama hewa inasukumwa kuelekea kwenye shabaha. Wajawazito na watoto wadogo wakae mbali na ukumbi ambao hewa yake ina shaka.

Vilengeo vya chuma, nukta nyekundu au darubini?

Kwa kujifunza misingi, vya chuma, na kama unaweza kupata kile cha nyuma chenye tundu linalokaa karibu na jicho, bora zaidi, kwa sababu kinarudisha ule urefu uliopotea kwenye mtutu mfupi. Kwa vibao na mwendo wa haraka, nukta nyekundu. Kwa karatasi, darubini ya mara 4 hadi mara 9 inatosha kabisa.

Ukinunua darubini, ulizia imepangwa kwa umbali gani. Darubini za .22 hupangwa ili picha ya shabaha na msalaba wa kulengea vikae pamoja kwa takriban mita 46, yaani yadi 50. Za bunduki kubwa hupangwa kwa yadi 100 au zaidi. Ukizitumia kwa mita 25, ukisogeza kichwa kidogo tu msalaba unatembea juu ya shabaha.

Naiweka sawa, ili risasi iangukie ninapolenga, kwa umbali gani?

Mita 50. Kwa bunduki yenye darubini iliyokaa sentimita 4 hivi juu ya mtutu, ukiiweka sawa kwa mita 50, kwa mita 25 risasi itaangukia karibu palepale. Kwa mita 100 itashuka karibu sentimita 20, au zaidi kidogo, kutegemea kasi ya risasi uliyochagua. Ndiyo sababu anayehama kutoka mita 50 kwenda 100 bila kugusa darubini huona karatasi haina tundu hata moja.

Anzia mita 25 ili uipate karatasi, kisha rudi 50. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii) kwa kila mlio wa kitufe, ambayo kwa mita 50 ni milimita 3.6. Risasi ikiwa chini kwa milimita 36, ni milio kumi juu.

Na tafadhali, usirekebishe kwa kundi la risasi tatu. Matundu matatu yanaweza kukaa pamoja kwa bahati. Piga kumi, tafuta katikati ya kundi, ndipo uguse kitufe.

Nitarajie usahihi gani?

Kwa mita 50, ukiwa umeegemeza na unatumia risasi ya kawaida ya dukani, kundi la sentimita 3 au 4 ni la kuridhisha kwa bunduki ya kiwandani. Ukipata risasi inayopendwa na mtutu, sentimita 2 si ndoto. Kinachowakwamisha wengi ni kifyatulio: vile vya kiwandani mara nyingi huhitaji kilo mbili na nusu au zaidi kuvutwa, kwenye bunduki yenye uzito wa kilo mbili. Ukivuta kwa pupa unaihamisha bunduki nzima. Kuna watengenezaji wanaouza seti halali ya kifyatulio chepesi. Iwekwe na fundi mwenye kibali, na usisugue mwenyewe sehemu za kifyatulio kwa jiwe au tupa.

Kwa nini risasi ya kasi kubwa inasukumwa zaidi na upepo?

Inashangaza, lakini ni kweli. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza risasi ya kasi ya kawaida kama sentimita 11 kwa mita 100, na ile ya kasi kubwa kama sentimita 14. Kinachoamua mchepuko ni kasi inayopotezwa njiani, na risasi inayotoka juu ya kasi ya sauti hupoteza kasi nyingi sana mwanzoni, kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka ghafla karibu na mpaka huo. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya risasi za mashindano kutengenezwa chini ya kasi ya sauti.

Naweza kufanya mazoezi ya kifyatulio bila risasi?

Inategemea. Kwenye bunduki nyingi za .22, pini ikikosa ganda la kugonga hugonga ukingo wa chemba na kuuacha na kidonda, na hatimaye risasi zinakataa kuingia. Ruger wanasema 10/22 haina shida hiyo. Wengine wanakataza kabisa. Tumia risasi bandia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, katika chumba kisicho na risasi halisi hata moja.

Niisafishe kila nikitoka uwanjani?

Bolti, chemba na sehemu ya ndani, ndiyo, au angalau mara kwa mara. Mtutu, hapana. Risasi hizi zimepakwa nta au mafuta, na mtutu hupiga vizuri zaidi ukishapata utando wake. Ukiusafisha hadi kung'aa, risasi kadhaa za kwanza zitatawanyika. Ngoja hadi uone makundi yanapanuka.

Mitutu ya .22 huharibiwa na fimbo za kusafishia kuliko risasi. 10/22 za kawaida zimezibwa nyuma, kwa hiyo watu huingiza fimbo ya chuma kupitia mdomoni na kuukwaruza. Tumia kamba ya kusafishia inayovutwa kutoka chemba kwenda mdomoni.

Za kutenganishwa vipande viwili hazipotezi usawa wa vilengeo?

Baadhi ya bunduki fupi hutenganishwa mtutu na mwili ili zitoshe begini. SA-22 ilikuwa hivyo tangu mwanzo, na Ruger wakatoa yao mwaka 2012. Kama darubini iko kwenye mwili na mtutu ndio unaotoka, tarajia matundu yahame kidogo ukiunganisha tena. Kilengeo kikiwa juu ya mtutu wenyewe, suala hilo halipo.

Naweza kushindana nayo?

Ndiyo, ila chagua mchezo. Steel Challenge, mashindano ya kupiga vibao vya chuma kwa haraka, ina madaraja ya bunduki ya begani ya .22, yenye vilengeo vya chuma au vya macho: vibao vitano kwa kila kituo, kwa karibu vituo vyote unapiga raundi tano zinazopimwa muda, na ile mbaya kuliko zote hufutwa. Bunduki fupi inayojipakia imezaliwa kwa mchezo huo.

Bunduki ya mita 50 ya Olimpiki nayo hutumia .22 LR, lakini ni ya risasi moja moja, na duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Biathloni (mbio za kuteleza kwenye theluji pamoja na shabaha) pia ni .22 kwa mita 50, kwa vibao vya milimita 45 ukiwa umelala na 115 ukiwa umesimama. Huko zinazojipakia haziruhusiwi.

Natumia mkono wa kushoto. Maganda yatanipiga usoni?

Kwa nyingi maganda hutoka kulia, kwa hiyo yatapita mbele ya uso wako, mara chache yatakugusa. Miwani na shati lenye kola. SA-22 hutupa maganda chini, na kwa mashoto ni raha.

Mtoto anaweza kuitumia?

Ufupi unamsaidia kwa kuwa kitako hakimvuti mkono, na toleo fupi la 10/22 lina kitako kifupi zaidi kwa sababu hiyo. Lakini mimi ningemwanzisha kwa bunduki ya kupakia risasi moja kwa mkono. Ikijipakia, mtoto akishangilia na kugeuka, chemba tayari ina risasi ya pili. Ukiamua kumpa hii, tia risasi moja kwenye magazini, na mtu mzima akae pembeni yake muda wote.

Sheria inasemaje?

Zinatofautiana mno, na neno ".22" halikuondolei wajibu wowote. Uingereza ilipiga marufuku bunduki za begani zinazojipakia mwaka 1988 lakini ikaziacha za .22 za fataki ya ukingoni, kwa cheti. New Zealand mwaka 2019 iliziacha pia, magazini isizidi risasi 10. Australia tangu 1996 imezibana sana, na mpigaji wa kujifurahisha kwa kawaida hapati kibali chake. Marekani, bunduki ya begani yenye mtutu chini ya sentimita 40.6, yaani inchi 16, inaangukia sheria ya shirikisho ya mwaka 1934. Ndiyo maana mitutu "mifupi" ya kiwandani huishia inchi 16 na ushei.

Ulizia mamlaka ya leseni ya nchi yako kabla ya kununua, na uulize mambo manne kwa majina: je, inayojipakia inaruhusiwa kwa .22, urefu wa chini wa mtutu na wa bunduki nzima, ukubwa wa magazini, na namna ya kuihifadhi na kuisafirisha.

Mtutu huchakaa baada ya risasi ngapi?

Kwa .22 ni makumi ya maelfu. Baruti ni kidogo, joto ni dogo, na risasi ni laini. Springi na ndoano ya maganda vitahitaji kubadilishwa muda mrefu kabla ya mtutu.